Shahada ya picha: Kamera inapofanya kazi ya mtafiti

MTU akisikia kwamba mwenzake anasomea shahada ya uzamivu katika upigaji picha, aghalabu hushangaa. Kwa wengi, mpiga picha ni fundi wa harusi na picha za pasipoti. Kuna nini cha kutafiti hapo?

Swali hilo limewashughulisha hata maprofesa. Mwaka 1993, Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, alichapisha makala iliyotenganisha utafiti kuhusu sanaa, utafiti kwa njia ya sanaa na utafiti kwa ajili ya sanaa. Anayeandika historia ya studio za zamani yumo katika kundi la kwanza. Katika kundi la pili, kamera yenyewe ndiyo chombo cha kutafutia jibu, na ndilo ambalo watetezi wa shahada hizi hulitegemea zaidi.

Mfano mzuri ni Carrie Mae Weems, Mmarekani mweusi aliyehitimu shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 1984. Miaka mingi kabla, mwaka 1965, ofisa wa Wizara ya Kazi ya Marekani, Daniel Patrick Moynihan, alitoa ripoti iliyodai kuwa udhaifu wa familia za watu weusi, nyingi zikiongozwa na wanawake, ulikuwa kiini cha matatizo yao. Ripoti hiyo ilisheheni takwimu. Weems aliijibu kwa kuwapiga picha wazazi, ndugu na jamaa zake mwenyewe, akaambatanisha maandishi na sauti zilizorekodiwa. Hakuwapamba, simulizi zake zinataja mapenzi na pia ugomvi. Jedwali la takwimu lisingeweza kuonyesha hayo.

Nchini Uingereza, utaratibu wa uzamivu wa namna hii ni mkali kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi huanza na swali, huomba idhini ya kimaadili pale anapowapiga picha watu, kisha huweka kumbukumbu ya kila hatua. Hata picha zilizoharibika hutunzwa, maana huenda hizo ndizo zikaeleza kwa nini alibadili njia. Mwishowe huwasilisha kazi zake, mara nyingi kwa maonyesho, pamoja na tasnifu iliyo fupi kuliko ya kawaida, na kuhojiwa ana kwa ana na watahini. Uzuri wa picha pekee haumpi mtu shahada. Ni lazima ithibitike kuwa ameongeza maarifa mapya.

Wapo wasanii wanaonung'unika kwamba kuandika kunawala muda wa kupiga picha. Nung'uniko hilo lina uzito, ingawa bila maandishi mtahini hawezi kujua mwanafunzi alifikaje alikofika. Nchini Marekani, shahada ya uzamili ya sanaa imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa inatosha kwa anayetaka kufundisha upigaji picha chuoni. Weems mwenyewe, baada ya San Diego, hakutafuta shahada nyingine ya picha. Alikwenda Berkeley kusomea masimulizi ya jadi.