Matibabu ya bure: wauguzi wanasemaje?

Mama akirudi kutoka kliniki amekasirika, wengi wetu tunasema tu kwamba wauguzi wana roho mbaya. Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tulikaa na majirani waliowahi kufanya kazi kwenye vituo vya afya kule nyumbani Burundi, ili tuwasikie na wao.

Walianza na mwaka 2006. Kabla ya hapo mgonjwa alikuwa analipa. Aliyeshindwa alizuiwa hospitalini, hata mama aliyejifungua kwa upasuaji, mpaka ndugu wauze chochote walichonacho. Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba watoto wa chini ya miaka 5 watatibiwa bure, na akina mama watajifungua bure, upasuaji ukiwemo.

Je, wauguzi walikataa? Hapana. Wanasema walifurahi, maana nani anapenda kumzuia mzazi asirudi kwake? Lakini foleni iliongezeka sana, na wauguzi walikuwa walewale, vitanda vilevile. Dawa ziliisha upesi, na pesa ambazo serikali ilipaswa kuvirudishia vituo zilichelewa. Dawa zikiisha, mama anaandikiwa karatasi akanunue dukani. Sasa hiyo bure iko wapi?

Aprili 2010 serikali iliunganisha huduma ya bure na mpango wa kulipa vituo kulingana na kazi iliyofanyika na ubora wake. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa nyongeza kwa wafanyakazi. Hapo moyo ulirudi kidogo. Ila madaftari nayo yaliongezeka, kwa sababu wakaguzi wanakuja kuhesabu, na kisichoandikwa hakilipwi. Kuna siku, wanasema, kalamu iliwachosha kuliko sindano.

Tulichojifunza ni hiki: wauguzi hawa hawataki huduma ya bure iondolewe. Wanataka tangazo lije pamoja na watu, dawa na pesa. Visipokuja, mzigo unamwangukia muuguzi, na hasira yake inamwangukia mama.

Basi wazazi, hata hapa kambini tusiache kliniki kwa kuogopa foleni. Twende mapema, tubebe kadi ya mtoto, na tukiona kasoro tuiseme kwa heshima. Na muuguzi naye tumsalimie kabla ya kumlaumu. Mkono mmoja haulei mwana.