Kuta Ndefu, Hewa Nzito: Lubumbashi Inapopanda Ghorofa

Moshi wa barabarani Lubumbashi ukizungumzwa, lawama huangukia magari: umri wake, mazuti yanayochomwa, malori yanayoelekea mpakani Kasumbalesa. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haijatimia. Kiasi cha moshi kinachoingia kwenye mapafu ya mpita njia huamuliwa pia na umbo la majengo. Magari yaleyale, kwenye barabara ya upana uleule, huacha hewa nyepesi au nzito kulingana na kuta zilizosimama pande zote mbili. Kwa mji unaoongeza ghorofa, ramani ya nyumba imekuwa suala la afya ya umma.

Ushahidi wa karibu ni wa Nairobi. Julai 2009, watafiti walipima mchana chembe laini za hewani, zile ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5 na hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Katikati ya mji, usawa wa barabara, walikuta mikrogramu 119.5 kwa kila mita ya ujazo. Juu ya paa la ghorofa ya tatu, 42.8 tu. Penye makutano makubwa ya barabara, kiwango kilishuka kutoka 128.7 hadi 18.7 ndani ya mita 100 kwa upande unakoelekea upepo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 wastani wa mwaka usiozidi 5. Vipimo vya mchana havilinganishwi moja kwa moja na wastani wa mwaka, lakini tofauti kati ya sehemu na sehemu inatosha kutufunza: moshi uliopata nafasi hutawanyika upesi, na uliokosa hubaki chini, watu wanakopita.

Sababu iko katika mwendo wa upepo. Upepo ukikata barabara kwa upande na kukuta safu mbili za majengo yaliyoshikana, sehemu yake kubwa hupita juu ya mapaa. Hewa ya chini huzunguka palepale na kurundika moshi, hasa kwenye ukuta ulioupa upepo kisogo. Mtaalamu wa hali ya hewa ya miji Tim Oke alieleza mwaka 1988 kwamba kinachoamua ni uwiano wa kimo cha majengo na upana wa barabara. Ukipita takribani 0.7, upepo huteleza juu na barabara hubaki na hewa yake chafu. Chukua barabara ya mita 20. Nyumba za mita 4 zinatoa uwiano wa 0.2, na upepo unafika chini. Jenga pande zote mbili majengo ya mita 16 yasiyo na mwanya, uwiano unafika 0.8, hata kama halijaongezeka gari hata moja.

Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ilirithi barabara pana zilizonyooka. Urithi huo haukugawanywa kwa haki: wakoloni waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa wazungu na Kamalondo, mtaa wa Waafrika, kwa kisingizio cha afya. Hata hivyo upana ni akiba, na kila jengo refu linalosukumwa hadi ukingoni mwa barabara huila.

Wapo watakaosema adui mkubwa hapa ni viwanda vya madini, vumbi na moshi wa makaa. Hawakosei: watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2009 kwamba wakazi wa jirani na migodi na viwanda vya Katanga wamebeba metali nyingi mwilini. Moshi unaotoka mbali hauzuiliwi na ramani ya nyumba. Lakini vumbi linalotimuliwa na matairi hukwama kati ya kuta pamoja na moshi wa magari, hivyo barabara isiyopumua huongeza mzigo juu ya mzigo. Wengine watasema tubadilishe magari kwanza. Tubadilishe, ila gari huisha na kuuzwa chuma chakavu, wakati jengo lililokosewa leo litawakuta wajukuu.

Pingamizi zito zaidi ni bei ya ardhi: nani aache mita za parsele yake bure? Hakuna haja ya kukataza ghorofa. Majengo yenye vimo tofauti na mianya kati yake huvuta upepo chini. Hong Kong, mji uliobanana kuliko wetu, ilianza mwaka 2006 kuitaka miradi mikubwa ya serikali ipimwe inavyopitisha hewa, baada ya kutikiswa na mlipuko wa ugonjwa wa SARS mwaka 2003. Mengine hayagharimu ardhi: madirisha ya vyumba vya kulala na madarasa yaelekee uani, na bomba la moshi la jenereta lisitazame njia ya waendao kwa miguu. Anayetoa kibali cha kujenga tayari huuliza jengo litakuwa na ghorofa ngapi. Aulize pia upana wa barabara iliyo mbele yake, na agawanye namba ya kwanza, ikishageuzwa kuwa mita, kwa ya pili kabla ya kutia sahihi.