Je, Wajua? Pambo la begani lilianza kama kishikizo cha mkanda

Ofisa wa polisi akipita Mandewa, mjini Singida, wengi humtazama begani kwanza: ana nyota ngapi? Sehemu hiyo ya sare ina umri mkubwa kuliko jeshi lolote la Afrika Mashariki ya leo.

Zamani askari wa Ulaya walivaa mikanda iliyokatiza kifuani, ya kubebea risasi na upanga. Begani wakashonewa kipande cha kitambaa chenye kifungo ili mkanda usiteleze. Kilikuwa cha kazi, si cha urembo. Baadaye maofisa walikipamba kwa nyuzi za dhahabu na vishada vinavyoning'inia, na mwaka 1759 Ufaransa ikaagiza vyeo vya maofisa vitambulike kwa mapambo hayo. Jeshi la nchi kavu la Uingereza liliviacha vishada mwaka 1855. Urusi ilifuta kabisa alama za mabegani baada ya mapinduzi ya 1917, lakini Januari 1943, vita vikiwa vimepamba moto, kiongozi wake, Stalin, alizirudisha. Nguvu ya alama hizi ni kubwa kweli!

Kwetu mpangilio wa nyota za begani ulitoka kwa Waingereza, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa Septemba 1964, bado linaufuata: Luteni Usu nyota moja, Luteni mbili, Kapteni tatu.

Marubani wa ndege za abiria nao waliiga mabaharia: mistari minne begani ni ya rubani kiongozi, mitatu ya msaidizi wake.