Mahindi Mengi Humdhuru Ng'ombe wa Maziwa



Asubuhi moja, baada ya mavuno, mama mmoja alifika ofisini kwetu akilia. Ng'ombe wake wa gredi, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyolipa karo ya watoto, alikuwa amekufa usiku. "Bwana Karani," alisema, "jirani yangu amempa sumu." Wawili hao walikuwa na ugomvi wa mpaka.

Daktari wa mifugo alikwenda. Alihakikisha kwanza ya kuwa si kimeta, kisha akampasua. Hakukuta sumu. Alikuta tumbo limejaa mahindi na maji yenye harufu kali ya kuchacha. Ndipo mtoto mmoja aliposema ya kuwa juzi usiku ng'ombe alikata kamba akaingia ghalani. Jirani hakuwa na kosa lo lote.

Wengi huuliza: mahindi ni chakula chetu, yawezaje kumwua ng'ombe? Jibu limo tumboni mwake. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Chumba cha kwanza ni kikubwa sana. Kwa ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100. Humo mnaishi vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyomsagia majani. Ng'ombe acheuapo hutoa mate mengi, zaidi ya lita 100 kwa siku, na mate hayo yana chumvi ya namna ya magadi inayopunguza ukali wa asidi tumboni.

Sasa mpe nafaka nyingi kwa ghafula. Unga huchacha upesi, kama uji uliowekwa kwenye mtungi, na asidi huzidi. Tena unga hautaki kucheuliwa kama majani, basi mate hupungua wakati ule ule yanapohitajiwa. Vijidudu vya majani hufa, na vile vipendavyo asidi huongezeka. Ukuta wa tumbo huungua, maji ya mwilini huvutwa tumboni, na asidi huingia katika damu. Ng'ombe huacha kula na kucheua, hupepesuka, macho huzama, huharisha, halafu hulala chini. Aweza kufa katika siku moja mpaka tatu.

Lakini iko hatari nyingine ya pole pole, nayo huwapata wakulima wenye bidii. Mkulima aona unga waongeza maziwa, basi kila juma huongeza unga na kupunguza majani. Ng'ombe hafi, lakini leo ala vizuri, kesho akataa. Mavi huwa mepesi, yenye mapovu na vipande vya nafaka. Mafuta ya maziwa hupungua. Baada ya majuma au miezi huanza kuchechemea, maana kwato zimeharibika. Mkulima hulaumu matope, kumbe kosa limo horini.

Sisemi usimpe nafaka. Ng'ombe mwenye maziwa mengi aihitaji. Ila fuata kanuni hizi:

1. Majani kwanza. Angalau nusu ya chakula chake, ukikipima kikiwa kikavu, iwe majani ya Napier, nyasi kavu au mabua. Usiyakate madogo mno, apate kucheua.

2. Pima kwa mizani, usikisie. Ng'ombe mwenye majani mazuri aweza kutoa kama lita 7 kwa majani peke yake. Kwa kila lita moja na nusu inayozidi hapo, mpe kilo 1 ya chakula cha madukani. Akitoa lita 13, zilizozidi ni 6. Basi mpe kilo 4 kwa siku.

3. Gawanya. Hizo kilo 4 mpe 2 asubuhi na 2 jioni, wakati wa kukama. Usipitishe kilo 3 kwa mara moja.

4. Ongeza kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili au matatu, hasa akiisha kuzaa, ili vijidudu vizoee.

5. Ukisaga mahindi, yawe chenga. Unga laini huchacha upesi zaidi.

6. Tazama ng'ombe wako wapumzikapo. Ikiwa waliolala hawafiki nusu wanaocheua, ongeza majani.

Na akivunja ghala akala? Mwondoe mara moja, mpe nyasi kavu, umwite daktari wa mifugo saa ile ile, hata kama ng'ombe aonekana mzima. Dalili huchelewa, na dawa hufaa zaidi mapema. Mweleze kadiri alichokula. Usimnyweshe kitu kwa nguvu akiwa amelala, kisije kikaingia mapafuni. Akifa kwa ghafula, usimpasue wala kugawa nyama kabla daktari hajamwona, maana huenda ikawa kimeta.

Mama yule alikwenda kwa jirani yake kuomba radhi, akasamehewa. Lakini ng'ombe hakurudi. Kufuli ya ghala ni bei ndogo, ndugu mkulima. Inunue leo.