Marekani: Kipimo cha mkojo kwa wagonjwa wa maumivu ya kudumu kinasema nini, na nini hakisemi?

Katika kliniki nyingi za Marekani, mgonjwa anayetumia dawa kali za maumivu kama morfini au oksikodoni haandikiwi tu dawa na kurudi nyumbani. Anaombwa pia kutoa mkojo. Jibu la maabara linaweza kufanya aendelee kupata dawa yake, au akatiwe.

Jambo hili linawagusa pia Wakongomani. Katika mwaka wa bajeti wa 2023, RDC iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya watu 18,000. Wengi walitoka mashariki mwa nchi na wanasema Kiswahili. Kati ya watu waliokimbia vita hakukosi wenye majeraha ya zamani na maumivu yasiyoisha.

Kwa nini wanapima?

Dawa hizo ni za jamii ya opioidi. Zinatuliza maumivu, lakini mwili unaweza kuzizoea, na zikizidi zinazuia mtu kupumua. Mwaka 2021, zaidi ya watu 80,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha opioidi. Wengi waliuawa na fentanili iliyotengenezwa kwa siri na kuuzwa barabarani.

Mwaka 2016, kituo cha serikali cha kuzuia magonjwa, CDC, kilishauri waganga wapime mkojo kabla ya kuanza kumpa mgonjwa opioidi kwa muda mrefu, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Walitaka kujua mambo mawili: je, dawa aliyoandikiwa mgonjwa imo mwilini? Na je, kuna kitu kingine cha hatari anachochanganya nayo, kama heroini au dawa za usingizi?

Kipimo cha kwanza kinaweza kudanganya

Kipimo cha haraka, kile cha kikombe au kikaratasi, kinatambua umbo la kemikali. Kitu kingine chenye umbo la karibu kinaweza kukichanganya. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu inayojulikana sana Kivu na Ituri, inaweza kutoa jibu la uongo kwamba mtu ametumia opioidi. Levofloksasini, dawa ya kuua vijidudu, inaweza kufanya vilevile. Hata mkate wenye mbegu za mpopi unaweza kuacha morfini ya kweli kwenye mkojo, bila mlaji kugusa dawa yoyote.

Kosa linatokea pia kwa upande wa pili. Kipimo cha kawaida cha opioidi kilitengenezwa kutafuta morfini na kodeini. Hakioni fentanili, hakioni tramadoli, na mara nyingi oksikodoni inakipita. Mgonjwa aliyekunywa oksikodoni yake kila siku, kama alivyoagizwa, anaweza kuonekana kama mtu asiyeinywa. Hapo anaweza kushukiwa kwamba anaiuza.

Hata mabadiliko ya dawa ndani ya mwili yanaweza kuleta shuku. Mwili hugeuza sehemu ya kodeini kuwa morfini. Muganga asiyejua hilo anaweza kumshitaki mgonjwa kwamba amekunywa dawa ambayo hakuandikiwa.

Ndiyo maana kuna kipimo cha pili, cha uhakika. Kinafanywa na mashine ya maabara inayotenganisha kemikali na kuitambua kila moja kwa uzito wake. Kinachukua siku zaidi na kina bei kubwa, lakini ndicho kinachoweza kusahihisha cha kwanza. Hata hivyo, nacho kina mpaka. Opioidi nyingi huonekana kwenye mkojo kwa siku chache tu, na hakuna kipimo cha mkojo kinachoweza kusema mgonjwa alikunywa vidonge vingapi.

Biashara nono

Vipimo hivi vimekuwa pia njia ya kutafuta pesa. Mwezi wa 10 mwaka 2015, maabara ya Millennium Health ya San Diego ilikubali kulipa dola milioni 256 ili kumaliza mashitaka ya serikali ya Marekani. Ilishitakiwa kuitoza bima ya serikali kwa vipimo vya mkojo na vya vinasaba ambavyo wagonjwa hawakuvihitaji.

Kukatiwa dawa ghafla

Hatari kubwa zaidi inakuja baada ya jibu. Mwezi wa 4 mwaka 2019, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba kumkatia opioidi ghafla mtu aliyezizoea kunaweza kumletea mateso makali ya mwili, kurudisha maumivu, na hata kumfikisha kwenye kujiua. Mgonjwa anayefukuzwa kliniki anaweza pia kwenda kutafuta vidonge barabarani, kule kule kwenye fentanili.

Mwezi wa 11 mwaka 2022, CDC ilirekebisha mwongozo wake. Sasa inawaambia waganga wapime faida na hasara za kipimo kabla ya kukiagiza, wasimpime mtu kwa sababu ya namna wanavyomdhania, na wasimfukuze mgonjwa kwa sababu ya jibu la mkojo. Jibu lisilotarajiwa liwe mwanzo wa mazungumzo. Pengine dawa iliisha mapema kwa sababu maumivu yalizidi, au mgonjwa alikosa pesa ya kuinunua.

Mgonjwa afanye nini?

Kwa walioko Marekani, au wenye ndugu huko, mambo haya yanasaidia:

- Kabla ya kutoa mkojo, taja dawa zote: za kifua kikuu, za mafua, za kienyeji, na zile zilizotoka nyumbani kama tramadoli.
- Sema siku na saa uliyokunywa dawa mara ya mwisho, hata kama uliruka siku.
- Usiongeze maji kwenye mkojo. Maabara hupima joto lake na uzito wake, na mkojo uliochanganywa unaleta shuku kubwa zaidi.
- Jibu likikushangaza, omba kipimo cha pili cha uhakika kabla dawa haijabadilishwa.
- Omba mkalimani wa hospitali. Mtoto asitafsiri mazungumzo ya namna hii.

Kwenye nchi maskini tatizo ni lingine kabisa. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisema mwaka 2023 kwamba nchi tajiri zinatumia morfini mara 63 zaidi ya nchi maskini. Huku, wagonjwa wengi wa saratani wanakufa na maumivu bila kuiona dawa hiyo. Kule, mwenye kuipata anaweza kuinyimwa kwa sababu ya kikombe kilichosomwa vibaya. Pande zote mbili, anayebaki na maumivu ni mgonjwa.