Kuosha Vioo: Saa Moja Yako Inalipa Pesa Ngapi?

Katika ukurasa huu tunataka tuongee juu ya kazi ambayo vijana kadhaa wa Kapsoit na vijiji vya karibu wameanza kuiuliza: kazi ya kuosha madirisha na vioo vya maduka, maofisi na nyumba za kupanga kule Kericho mjini. Mtu hahitaji kuandikwa na mtu. Anahitaji ndoo, sabuni, vitambaa, kile kifutio cha mpira cha kuburura maji kwenye kioo, na ngazi. Halafu anatafuta wateja.

Tunajua kwa nini swali hili limekuja sasa. Zamani kijana aliyekosa karo alijua ataingia kwenye majani chai apate kibarua. Siku hizi mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo katika mashamba makubwa. Mwaka 2023 kikosi kazi cha kaunti ya Kericho kilisema kazi kama 30,000 zilikuwa zimepotea kwa miaka kumi kwa sababu ya mashine, na Mei mwaka huohuo watu wenye hasira walichoma mashine za kuvuna chai. Basi watu wanatafuta njia nyingine. Hilo ni jambo zuri. Lakini kabla mtu hajaacha alichonacho, au kuuza mbuzi anunue ngazi, ni lazima ajue kazi hiyo inalipa nini kweli.

MCHUMA CHAI ANA MIZANI, WEWE JE?

Mchuma chai anajua siku yake ilikwendaje. Anafika kituoni, kikapu kinapimwa, karani anaandika kilo. Anayejiajiri hana karani wala mizani. Anapewa noti ya mia mbili hapa, mia tano pale, na jioni anahesabu zilizobaki mfukoni. Akikuta mia sita anasema, "Leo nimepata." Hajui kama amepata au amepoteza.

Mizani ya anayejiajiri ni daftari na saa. Hebu tuchukue mfano. Bei tunazotumia hapa ni za kufundishia tu. Wewe weka zako.

WIKI MOJA YA KAZI

Tuseme kijana wetu anakaa Kapsoit na anafanya kazi Kericho siku tano kwa wiki. Wiki hiyo amepata kazi hizi:

Maduka 8, kila moja shilingi 200: jumla 1,600. Kila duka dakika 45, yaani saa 6 zote pamoja.

Nyumba 2, kila moja shilingi 500: jumla 1,000. Kila nyumba saa 2, yaani saa 4.

Ofisi 1, shilingi 900. Saa 3.

Jumla ni shilingi 3,500 kwa saa 13 za kuosha. Ukigawanya unapata shilingi 269 kwa saa. Kijana anafurahi. Anawaambia wenzake, "Mimi nalipwa karibu mia tatu kwa saa!" Na wenzake wanaanza kutafuta ndoo.

Pole pole, ndugu. Hesabu haijaisha.

KWANZA, TOA GHARAMA

Nauli ya matatu kwenda na kurudi, tuseme 160 kwa siku, siku tano: 800.

Sabuni: 150.

Simu, maana wateja wanapigiwa: 100.

Ngazi. Hii watu wengi husahau kwa sababu ilinunuliwa mara moja. Kama ilinunuliwa 7,800 na itadumu miaka mitatu, inakula shilingi 50 kila wiki.

Ndoo, vifutio na vitambaa. Kama vinahitaji 1,300 kila miezi sita, ni shilingi 50 tena kwa wiki.

Bima ya afya ya SHA. Kwa asiyeajiriwa, kiwango cha chini kilichoanza Oktoba 2024 ni shilingi 300 kwa mwezi, nacho hulipwa kwa mwaka. Kwa wiki ni kama 70.

Jumla ya gharama ni 1,220. Tena mwenye duka mmoja alisema "kuja kesho", na kesho haikufika. Hizo ni 200 ambazo hazikuingia. Kwa hivyo pesa zilizoingia ni 3,300. Toa gharama, zinabaki 2,080.

PILI, HESABU SAA ZOTE

Hapa ndipo wengi wetu tunajidanganya. Tunahesabu saa za kushika kitambaa tu. Lakini siku yako haikuanza ulipogusa kioo. Ilianza ulipofunga mlango wa nyumba.

Kuosha vioo: saa 13.

Kutembea hadi stendi, kungoja matatu ijae, safari na kurudi, saa moja na nusu kwa siku: saa 7 na nusu.

Kuzunguka mjini ukitafuta wateja: saa 5.

Kuteka maji, kuandaa, kufua vitambaa: saa 3.

Kungoja mvua ipite: saa 2 na nusu.

Kufuata deni: saa 1.

Jumla ni saa 32. Sasa gawanya 2,080 kwa 32. Unapata shilingi 65 kwa saa. Kazi ni ileile na wiki ni ileile. Ile 269 tuliyoisikia imekuwa 65.

Na bado kuna jambo moja. Mwajiriwa, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ana likizo ya siku 21 kwa mwaka na analipwa. Wewe ukiugua, ukiwa na matanga, au wenye maduka wakikosa pesa mwezi wa Januari, hulipwi kitu. Ukipoteza wiki nne tu kwa mwaka, ile 65 yako ni sawa na 60.

SHILINGI 65 NI KIDOGO AU NI NYINGI?

Tuipime na kiwango cha serikali. Kuanzia Novemba 2024 mishahara ya chini iliongezwa kwa asilimia 6. Kwa mfanyakazi wa kawaida, na mfanyakazi wa usafi yumo, kiwango cha miji iliyokuwa manispaa, kama Kericho, kilifika kama shilingi 14,866 kwa mwezi bila pesa za nyumba. Kwa sehemu nyingine kama Kapsoit kilifika kama 8,596. Wiki ya kazi katika amri hiyo ni saa 52, yaani kama saa 225 kwa mwezi. Basi Kericho ni kama shilingi 66 kwa saa, na ukiongeza asilimia 15 ya nyumba ni 76. Kapsoit ni kama 38, na pamoja na nyumba 44. Kiwango kikibadilishwa tena, tumia kipya.

Kwa hivyo kijana wetu hajadhulumika kabisa, lakini pia hajatajirika. Anapata karibu sawa na mfagiaji wa ofisi pale mjini, tena bila likizo na bila nyumba. Akiumia, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamlinda mwajiriwa. Yeye ni mwajiri wake mwenyewe. Hatusemi aache kazi. Tunasema ajue anasimama wapi.

JE, NIFANYE HARAKA ZAIDI?

Wengi wakiona hesabu hii wanasema, "Basi nitaosha haraka." Tuangalie. Akipunguza saa za kuosha kutoka 13 hadi 10, saa zote zinakuwa 29. Gawanya 2,080 kwa 29, unapata kama 72. Ameongeza shilingi saba tu, na pengine ameacha michirizi kwenye kioo na mteja hatamwita tena.

Pesa haipotelei kwenye kioo. Inapotelea barabarani. Kwa hivyo dawa ni kupanga kazi, na mambo ni manne.

1. Panga wateja kwa mtaa. Duka moja huku na lingine upande ule wa mji ni kutembea bure. Maduka manne ya mstari mmoja ni asubuhi moja. Kule Uingereza, ambako kazi hii ni ya zamani, msafishaji anayejiajiri ana mzunguko wake wa nyumba kwa nyumba na anarudi kwa wateja walewale kila baada ya wiki kadhaa. Mzunguko huo una thamani mpaka anaweza kuuuzia mtu mwingine akistaafu. Wateja wako waliopangwa ndio mali yako kuliko ngazi.

2. Fuata saa za mvua. Sote tunaijua Kericho: asubuhi jua, mchana mawingu, na ikifika saa nane au saa tisa mvua inashuka. Anayeanza saa nne anaosha kioo ambacho matope yatarukia kabla hajalipwa. Anza na vioo vya nje mapema, hata kabla duka halijafunguliwa, halafu ingia ndani.

3. Patana kwa mwezi. Mwambie mwenye duka, "Nitakuja kila Jumanne asubuhi, utanilipa mwisho wa mwezi kwa M-Pesa." Andikeni kwenye karatasi, hata mistari mitatu, kila mmoja abaki na nakala yake. Hapo hakuna kutafuta mteja kila siku, na deni linaonekana mapema.

4. Usibebe ngazi kwenye matatu. Inalipiwa kama abiria, au unaachwa stendi. Omba mteja mmoja mwaminifu akuwekee.

Tuseme kijana wetu amefanya hivyo. Kazi ni zilezile 11 na bei ni ileile, lakini sasa zimepangwa kwa asubuhi tatu. Nauli inashuka kutoka 800 hadi 480, na gharama zote zinakuwa 900. Wote wamelipa, 3,500. Zinabaki 2,600. Saa nazo: kuosha 13, safari 4 na nusu, wateja wapya 2, maji na maandalizi 2, kungoja mvua 1 na nusu. Jumla saa 23. Gawanya: shilingi 113 kwa saa.

Hakuongeza bei hata senti moja. Tena amebaki na siku mbili za kufanya kazi katika chai yake au kumsaidia mama shambani.

BEI UNAITOA WAPI?

Mteja akiuliza "pesa ngapi?", usijibu kwa kumwangalia uso. Rudi kwenye daftari. Tuseme bado unafanya kazi kwa ile njia ya kwanza ya saa 32, na unataka shilingi 100 mkononi kwa kila saa. Unahitaji 3,200 zako, na 1,220 za gharama: jumla 4,420. Lakini unalipwa kwa zile saa 13 za kuosha tu. Gawanya 4,420 kwa 13, unapata 340. Maana yake, anayetaka mia moja mkononi lazima adai mia tatu na arobaini kwa kila saa ya kuosha. Duka la dakika 45 linakuwa kama 250.

Mtu akikuambia, "Mwenzako ananifanyia kwa mia," usikasirike. Pengine mwenzako hajafanya hesabu. Muonyeshe huyo mwenzako ukurasa huu, maana mkishushiana bei nyote mtarudi nyumbani na nauli tu.

KUHUSU GHOROFA

Kuna kazi ambayo bei yake haiko kwenye hesabu hii. Mwenye jengo anaweza kukuambia upande ghorofa ya pili uoshe kwa nje, aongeze mia tatu. Usikubali kusimama kwenye ukingo wa dirisha, wala kuunga ngazi mbili kwa kamba, wala kuweka ngazi kwenye matope bila mtu wa kuishika. Angalia pia nyaya za stima kabla hujainua ngazi. Mguu ukivunjika, miezi mitatu hakuna anayekulipa, na mia tatu hiyo haitoshi hata nauli ya kwenda hospitali na kurudi. Osha unachofikia salama. Kingine sema hapana.

MSIOOSHA VIOO PIA

Hesabu hii ni ya kila anayejiajiri. Mama anayefua nguo za watu, kijana wa boda boda, anayeosha magari, anayeuza mboga barabarani pale Kapsoit: chukua pesa zilizoingia, toa gharama zote hata za vitu vinavyochakaa pole pole, halafu gawanya kwa saa zote tangu ulipotoka nyumbani. Fanya hivyo wiki nne mfululizo, maana wiki moja inaweza kukudanganya. Kama hujui kuandika vizuri, mtoto wa shule atakuandikia jioni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja aseme anadhani anapata pesa ngapi kwa saa. Baada ya wiki nne za daftari, mlinganishe. Nani alishangaa, na kwa nini?

2. Ni saa gani katika siku yako ambazo hakuna anayekulipa? Ni zipi mnaweza kuzipunguza mkishirikiana, kwa mfano kununua ngazi moja ya kikundi au kugawana mitaa?

3. Ni kazi gani tunazikubali kwa sababu tu hatujawahi kuhesabu?