Vitenzi vya Kutengenezea Chembe Ndogo Mno za Chuma

Kitenzi "kutengeneza" kina maana pana, wala hakidhihirishi kazi yenyewe namna ilivyotendeka. Upungufu huo huonekana wazi mtu aelezapo kwa Kiswahili jinsi zipatikanavyo chembe za chuma na za oksidi zake, zenye upana wa nanomita 1 hadi 100. Nanomita ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara milioni elfu. Njia zilizo mashuhuri ni tatu, na kila moja yataka kitenzi chake.

Ya kwanza ni kusaga. Mwaka 1963 Stephen Papell wa NASA, huko Marekani, alisaga magnetiti ndani ya kimiminiko pamoja na asidi ya oleiki, akapata kimiminiko kinachovutwa na sumaku. Hapa kikubwa huvunjwa kikawa kidogo, na asidi huzivika chembe zisishikamane.

Ya pili ni kushusha mashapo. René Massart aliieleza mwaka 1981. Chumvi mbili za chuma huyeyushwa majini, moja ya chuma chenye chaji mbili na moja ya chenye chaji tatu, kwa uwiano wa 1 kwa 2. Kisha hutiwa amonia, na papo hapo mashapo meusi ya magnetiti hutokea. Hapakuvunjwa kitu: chembe imezaliwa majini. Walakini neno "mashapo" lahitaji hadhari. Kwa desturi, mashapo ni yale yatuamayo chini, ilhali mtengenezaji huzitaka chembe hizi hatimaye zielee zisituame. Basi neno hilo lafaa kwa mwanzo wa kazi, si kwa mwisho wake.

Ya tatu ni kukuza. Mwaka 2002 Shouheng Sun na Hao Zeng walichemsha kampaundi ya chuma katika kimiminiko chenye joto la kadiri ya digrii 265 za sentigredi. Kisha walizitumia chembe ndogo kama mbegu, zikakua hadi kufikia nanomita 20. Kwa njia hii chembe hulingana kwa ukubwa.

Mwanafunzi akiambiwa kwamba zote tatu ni "unga wa chuma", hana budi kudhani kuwa zote zimesagwa, naye atakuwa amekosea katika mbili. Kwa hiyo mfasiri na atazame kwanza kama kitu kimevunjwa, kimezaliwa, au kimekuzwa, ndipo achague kitenzi.